“Kaka, hii ni kawaida?” Kisa cha watu wanne na mteremko ambao haukuwa kwenye mpango

Usuli

Kazi yangu ni kuwafundisha wanaoanza namna ya kumtafuta mtu aliyefukiwa na theluji. Kisa hiki waliniletea wahusika wenyewe, na wote wanne wameridhia kisimuliwe. Nimeondoa majina, mahali na tarehe. Nimebakiza mteremko, theluji na maneno yaliyosemwa siku ile.

Wa kwanza tumwite mzoefu. Alikuwa na misimu minne ya kupanda milima kwa skii, zile mbao nyembamba ndefu za kutelezea kwenye theluji, nje ya viwanja, yaani kule ambako hakuna lifti, hakuna njia iliyosawazishwa na mashine, wala watu wa doria wanaolipua miteremko mibaya mapema kabla wateja hawajafika. Anateleza vizuri kiasi kwamba watu husimama kumtazama. Wa pili ni dada aliyemaliza kozi ya siku tatu ya usalama dhidi ya maporomoko ya theluji mwezi mmoja tu uliopita. Wa tatu ni mdogo wake wa kiume, na wa nne ni rafiki wa huyo mdogo. Vijana hawa wawili walikuwa hodari viwanjani, lakini nje ya viwanja hiyo ilikuwa safari yao ya tatu.

Vifaa walikuwa navyo vyote. Skii zao zilikuwa na vifungio vinavyoacha kisigino huru wakati wa kupanda, na chini yake walibandika ngozi za kupandia, vitambaa vyenye vinyweleo vinavyolala upande mmoja ili skii isonge mbele bila kurudi nyuma. Kila mmoja alivaa bikoni kifuani, kifaa kinachotoa mawimbi ya kilohezi 457, masafa yaleyale popote duniani, ili wenzake wampate akifukiwa; anayetafuta hubadilisha yake iache kutoa mawimbi na ianze kuyapokea. Kila begi lilikuwa na ufito wa kukunja wa kuchomea theluji na beleshi la alumini. Kwa hiyo msomaji anayetarajia kisa cha watu waliopanda mlima mikono mitupu atanisamehe. Hawa walijiandaa kuliko wengi ninaowaona.

Mpango wa jioni

Taarifa ya hatari ya maporomoko ilisema daraja la 3 kati ya 5. Ilitaja matatizo mawili. La kwanza ni upepo: sentimita 25 za theluji mpya zilikuwa zimeanguka siku mbili kabla, na upepo wa magharibi ukazihamishia pande za mashariki. La pili ndilo baya zaidi. Siku tisa nyuma, usiku mtulivu usio na mawingu uliacha fuwele za umande ulioganda juu ya theluji, nyembamba na zinazometa kama manyoya ya kioo. Fuwele hizo zikafunikwa zikiwa bado zimesimama. Juu yake sasa palikuwa na bamba la theluji iliyoshikana, na chini ya bamba hilo kulikuwa na tabaka linaloweza kuanguka mithili ya njiti zilizosimamishwa wima. Taarifa ilisema tatizo hilo liko kwenye miteremko yenye kivuli, kaskazini na mashariki.

Yule dada ndiye aliyepanga njia. Alichagua uwanda mpana unaotazama kusini-magharibi, wenye miti michache, mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25, na juu yake hakuna kitu kinachoweza kuporomoka. Ulikuwa mpango mzuri, na nalisema hili kwa uzito wote. Maporomoko ya bamba hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na chini ya 30 ni nadra sana. Mtu anayeanza akibaki chini ya nyuzi 30, na kuhakikisha hakuna mteremko mkali unaomning'inia juu wala unaomwagia theluji yake pale aliposimama, anaweza kujifunza karibu kila kitu kingine kwa amani.

Ila kuna jambo halikusemwa jioni ile. Hakuna aliyeuliza: tukifika na kukuta mambo siyo tuliyotarajia, tutafanya nini? Na nani ana haki ya kusema turudi?

Asubuhi

Saa 1:40 walianza. Pale penye magari mzoefu alisimama pembeni na kuwapitisha mmoja mmoja mbele yake ili kusikia kama kila bikoni inatoa mawimbi, kisha naye akapimwa. Dakika mbili tu, na zilifanywa vizuri.

Saa 4:20 wakafika begani mwa mlima. Uwanda waliouchagua ulikuwa umechorwa kote na alama za skii za watu wa jana, na jua lilikuwa limeuyeyusha juu juu kabla haujaganda tena. Ukikanyaga, ganda linavunjika na mguu unazama. Theluji ya namna hiyo inachosha na inavunja moyo. Vijana walikuwa wamepanda kwa muda wa karibu saa tatu wakiiwazia theluji laini.

Mzoefu akaangalia upande wa pili. Kulikuwa na bakuli la mlima linalotazama kaskazini-mashariki, jeupe, halijaguswa. Akafungua ramani kwenye simu, ile inayopaka rangi miteremko kulingana na ukali wake. Karibu eneo lote halikuwa na rangi, maana yake ni chini ya nyuzi 30. Kulikuwa na kamstari kamoja ka manjano katikati, kembamba mno. “Huku ni tambarare tu,” alisema. Dada alikumbusha kwamba taarifa imetaja upande huo. Mzoefu akajibu kwamba taarifa inahusu miteremko mikali. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana lilimnyamazisha.

Saa 5:05, wakivuka sehemu ya tambarare kuelekea mdomo wa bakuli, wote walisikia mlio. Dada anaueleza kama mlango mzito unaofungwa chini ya ardhi. Rafiki anasema aliihisi theluji ikishuka kidogo chini ya miguu, kama kitanda mtu anapokikalia. Yeye ndiye aliyesimama.

“Kaka, hii ni kawaida?”

“Ni theluji inakaa tu,” mzoefu alimjibu, akaendelea kutembea.

Nimewahoji mmoja mmoja, na wote wanne wanayakumbuka maneno hayo vilevile.

Mteremko

Walikubaliana kushuka mmoja mmoja. Mzoefu alitangulia saa 5:15, akapita sehemu ya juu, akavuka kinundu kilichokuwa katikati, kisha akasimama upande wa kushoto chini yake ili awatazame wengine. Wa pili alikuwa yule mdogo. Alipofika kwenye kinundu alipoteza mizani na kuanguka ubavu.

Ufa ulikatika juu yake. Bamba lenye upana wa kama mita 40 na unene wa sentimita 35 hadi 50 liliachia, likavunjika vipande vikubwa na kuteremka mita 90 hivi hadi kwenye kibonde chini ya mteremko. Ukingo wa maporomoko ulimpitia mzoefu na kumfukia hadi magotini. Mdogo hakuonekana tena.

Dakika kumi na moja

Dada alishika uongozi bila kumwuliza mtu. Kwanza alitazama juu kuona kama kuna theluji iliyobaki ikining'inia, kisha akapaza sauti: “Bikoni zote kwenye kutafuta!” Yeye na rafiki wakashuka kwa kupita pale palipokwisha kuporomoka, ambapo bamba halikuwepo tena. Mzoefu alikuwa anajichimbua miguu.

Bikoni ya dada ilipata mawimbi karibu mara moja, lakini mshale ukawa unayumba, na umbali unaruka kutoka 31 hadi 8 kisha 27. Alipoteza kama dakika moja na nusu akifuata kitu ambacho hakikuwa ndugu yake. Rafiki, kwa hofu, alikuwa hajabadilisha bikoni yake. Bado ilikuwa inatoa mawimbi, mita chache nyuma yake. Zaidi ya hapo, alikuwa na simu kwenye mfuko wa kifua, karibu kabisa na bikoni, na simu huvuruga mawimbi yake. Dada aligeuka, akaona taa ikimetameta kifuani mwa rafiki, akaenda akaibonyeza mwenyewe. Mshale ukatulia.

Kuanzia hapo alifanya kama alivyofundishwa. Umbali ulipofika mita 3 alipiga magoti na kuishusha bikoni hadi iguse theluji, akaisogeza polepole kama mtu anayepiga pasi, mbele na nyuma, kushoto na kulia, bila kuizungusha. Namba ndogo kabisa ilikuwa 0.9. Akakunjua ufito na kuuchomeka kwa pembemraba na uso wa mteremko, kisha akazunguka kwa duara linalopanuka, hatua za sentimita 25. Mchomo wa tano uligota kwenye kitu laini. Ufito aliuacha palepale.

Hawakuchimba kutoka juu. Walianza upande wa chini wa ufito, hatua moja na nusu hivi, wakachimba kuingia kwa ubavu, dada mbele akikata vipande na wale wawili nyuma wakivuta theluji nje. Wanaosikia neno theluji hufikiria kitu laini, lakini theluji iliyoporomoka ikisimama hugandamana kiasi kwamba mkono hauingii. Kofia ya kijana ilionekana, kisha uso. Midomo ilikuwa ya buluu. Dada aliondoa theluji mdomoni kwa kidole. Akavuta pumzi.

Kwa rekodi ya saa ya mkononi ya dada, zilikuwa zimepita dakika 11 tangu bamba liachie. Ni baada ya hapo ndipo walipopiga simu ya uokoaji.

Matokeo

Helikopta ilifika saa 6:30 mchana. Kijana alikuwa ameshuka joto la mwili kidogo na kukatika kano la goti. Alipasuliwa, na sasa anatembea bila shida. Mzoefu na wengine hawakuumia.

Siku sita baadaye, hatari iliposhuka, nilikwenda kupima. Kinundu kilikuwa na kimo cha kama mita 12, na mwinamo wake ulikuwa nyuzi 36.

Uchambuzi

Nianze na mlio, kwa sababu siku ile yote iligeukia pale. “Theluji inakaa” ni maneno ninayoyasikia kila msimu, na ni kosa linaloua. Mlio ule ni hewa inayosukumwa nje wakati tabaka dhaifu linapovunjika chini ya uzito wako, na mvunjiko huo hukimbia chini ya bamba mbali zaidi ya ulipokanyaga. Mahali tambarare hakuna kinachoweza kuteleza, kwa hiyo unasikia sauti tu. Tabaka hilohilo likiendelea hadi kwenye mteremko wa nyuzi 36, mvunjiko uleule hauishii kwenye sauti. Mlima uliwapa onyo wakiwa mahali ambapo hawawezi kudhurika. Sijui onyo lililo bora kuliko hilo. Kuna ishara nyingine mbili za daraja hilo: nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha ya skii, na maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani. Ukiona mojawapo, mjadala wa mteremko mkali umekwisha kwa siku hiyo, hata kama taarifa ya asubuhi ilisema nini.

Na aliyelisikia onyo vizuri zaidi ni yule asiyejua. Rafiki hakuwa na maelezo ya kujipoza, ndiyo maana aliuliza. Swali lake lilijibiwa kwa mdomo badala ya kwa beleshi. Jibu sahihi lingekuwa “sijui, tuchimbe tuone,” na dakika kumi za kuchimba zingewaonyesha ule mstari wa fuwele, kijivu na mwembamba, chini ya bamba. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba anayeanza asijione kama mzigo. Ana macho ambayo bado hayajazoea, na kundi linalomnyamazisha limetupa kifaa chake kimoja.

Kwa nini mzoefu alisikilizwa? Kwa sababu anateleza vizuri. Kuteleza vizuri na kuijua theluji ni elimu mbili tofauti, lakini kwa macho ya mgeni zinafanana. Mtafiti Ian McCammon, aliyechambua mamia ya ajali za Marekani, alionyesha jinsi watu wanavyopotoshwa na njia hizi za mkato za akili: kumwamini anayeonekana mjuzi, kukitamani kilicho adimu kama theluji isiyoguswa, kung'ang'ania lengo mtu akishachoka kwa ajili yake. Yote matatu yalikuwepo begani mwa mlima saa 4:50.

Sitaki mzoefu abebe lawama peke yake. Misimu yake minne ilimfundisha kitu, tatizo ni kwamba theluji ni mwalimu asiyesahihisha madaftari. Unaweza kupita mteremko hatari mara ishirini na usitokee mporomoko, na kila mara unarudi nyumbani ukiamini ulikuwa sahihi. Huwezi kutofautisha uamuzi mzuri na bahati kwa kuangalia kwamba ulirudi salama. Yeye mwenyewe aliniambia, “Mlio huo nimeusikia labda mara sita.” Mara tano haukumfanya kitu.

Kuhusu ramani. Rangi zile hukokotolewa kutoka data za mandhari zenye vipimo vya mita kadhaa, mara nyingi 10 hadi 30, na kinundu cha mita 12 humezwa katika wastani wa majirani zake. Ramani ya karatasi yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, kila mita 20 inaweza isikionyeshe kabisa. Kamstari ka manjano kalikuwa ndiko kinundu chenyewe, kikinong'ona. Ramani inatosha kukataa mteremko. Kuukubali kunahitaji kipimo cha mwinamo juu ya theluji yenyewe, kilicholazwa kwenye mkongojo wa skii.

Daraja la 3 nalo linasomwa vibaya. Kwa kuwa ni katikati ya moja na tano, watu hulichukua kama hali ya wastani. Ngazi hizo hazipandi kwa usawa. Hatari huongezeka kwa kasi kutoka daraja moja hadi lingine, na katika nchi za milima ya Alpi na Amerika Kaskazini vifo vingi hutokea siku za daraja la 3. Siku za 4 na 5 watu huogopa na kubaki nyumbani. Na karibu ajali tisa kati ya kumi, bamba huachiwa na aliyefukiwa mwenyewe au mtu wa kundi lake.

Kosa la mwisho ni dogo kwa kulisimulia: mzoefu alisimama chini ya kinundu, kwenye njia ya kile alichokuwa anakitazama. Kushuka mmoja mmoja kuna maana iwapo tu anayengoja yuko pembeni, mahali palipoinuka. Ukingo ungekuja mita kumi zaidi kushoto, pangekuwa na wawili wa kutafutwa na wawili wa kutafuta.

Kilichomwokoa kijana ni mazoezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa hai wakitolewa ndani ya dakika 15, na kwamba kufikia dakika 35 walibaki kama watatu kati ya kumi. Tafiti za karibuni zinafupisha muda huo hadi dakika 10 hivi. Hakuna helikopta inayofika kwa dakika kumi. Dada alikuwa amefanya zoezi la kutafuta mara mbili wiki ile, bustanini, na mdogo wake akilalamika baridi. Kutanguliza utafutaji kabla ya simu kulikuwa sahihi kwa kundi lenye mikono michache. Ile dakika na nusu iliyopotea, kwa upande mwingine, ilitokana na mtu ambaye hakuwahi kufanya zoezi hata mara moja, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amemfundisha. Simu ikae mbali na bikoni, angalau sentimita 20 unapotembea na 50 unapotafuta.

Ninachowaomba wanaoanza sasa

Tangu kisa hiki nimebadilisha siku ya kwanza ya mafunzo yangu. Kabla ya kugusa bikoni, kila kundi linakaa na kutamka kwa sauti mambo yatakayowarudisha: mlio, ufa, maporomoko mapya, joto la ghafla, upepo unaohamisha theluji, mtu mmoja asiyejisikia vizuri. Wanayatamka penye magari, miguu ikiwa mikavu na hamu ikiwa bado ndogo. Kisha nawauliza ni nani anayeweza kusema turudi. Jibu ninalolikubali ni moja tu, yeyote, na bila kudaiwa sababu.

Pia nimeweka sharti kwamba mpango ukibadilishwa mlimani, uwe wa kupunguza ukali. Bakuli likionekana zuri, lipigwe picha, liandikwe, lipangwe jioni nyingine kwa taarifa nyingine. Na msimu wa kwanza wote uwe chini ya nyuzi 30. Kuna mengi ya kujifunza humo: kugeuka kwenye theluji nzito, kubandua ngozi upepo ukivuma bila kuzipoteza, kujua mwili wako unachoka saa ngapi.

Mzoefu alijiandikisha kwenye kozi msimu uliofuata, akaketi na vijana waliomwona akiteleza na wasielewe anafanya nini darasani. Rafiki sasa ndiye anayewapima wenzake bikoni asubuhi. Dada bado hupanda, nyuzi 25, na hubeba ufito uleule. Mdogo wake goti limepona, na skii zake ziko ukutani. Mara ya mwisho nilipomwuliza kama atarudi, alisema anasikia ule mlio akifunga mlango wa gari, na kwamba nimwulize tena mwakani.